Siku nane darasani na kazi inayofuata: tathmini ya mafunzo ya PM+ kwa wahudumu wa afya ya jamii

Maafisa wa afya wa kaunti, mashirika ya hisani na hata viongozi wa parokia na misikiti wamekuwa wakitafuta mafunzo yatakayowawezesha wahudumu wa afya ya jamii kuwasaidia watu wanaosumbuliwa na sonona, wasiwasi na msongo wa mawazo, na kila anayetafuta hukutana na majina mengi na ahadi nyingi. Tathmini hii inahusu mafunzo ya aina moja tu, yaitwayo Problem Management Plus, yaani kushughulikia matatizo na zaidi, au PM+ kama wengi tunavyoyaita, ambayo mwongozo wake ulichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Nimeyachagua kwa sababu yalijaribiwa hapa hapa Kenya na wahudumu wa kawaida wa jamii, na kwa sababu nimeyaona kwa karibu nikiwa msimamizi wa wahudumu katika kaunti mojawapo ya pwani. Niliketi nao darasani, kisha nikaendelea nao vijijini.

Msimamo wangu niuseme mapema. Haya ni mafunzo mazuri, yamepangwa kwa uangalifu na yanamheshimu mtu anayesaidiwa. Hata hivyo, sehemu yake yenye nguvu zaidi huanza baada ya darasa kufungwa, katika usimamizi wa kila wiki, na anayelipia darasa bila kulipia usimamizi huo amenunua nusu ya bidhaa, tena ile nusu ndogo.

Haja ya mafunzo ya namna hii iko wazi. Madaktari wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na walio wengi wanafanya kazi Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, ndiyo ambayo mwananchi wa kawaida huitaja akisikia habari za afya ya akili, na huitaja kwa hofu. Mama anayeishi mbali na barabara ya lami, ambaye siku hizi halali usiku, chakula hakimpiti kooni na anawachapa watoto kwa mambo ambayo zamani angeyacheka, hahitaji kulazwa Mathari wala popote pengine. Anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa utaratibu na kumfundisha mbinu chache, na katika mfumo wote wa afya aliye karibu naye zaidi ni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006, na hasa tangu Septemba 2023 serikali ilipowakabidhi wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya kazi na simu, kila mmoja amepangiwa takriban kaya 100, nao huzijua kaya hizo mpaka majina ya wajukuu. Ndani ya mkoba mna kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, cha joto na mizani. Yanapofika mambo ya huzuni na mawazo, kifaa cha mhudumu ni masikio yake, na masikio nayo yanahitaji kufundishwa.

PM+ imeandaliwa kwa ajili ya watu wazima wanaoishi katika dhiki, iwe ni umaskini, ukatili wa nyumbani, vita, ukimbizi au misiba. Haidai kutibu kila kitu. Mwongozo unaagiza kwamba mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili, aliyetawaliwa na ulevi kiasi cha kutoweza kuuacha, au aliye na mpango wa kujiua wakati huo, apewe rufaa kwa wataalamu. Anayefaa hupata vikao vitano vya ana kwa ana, kimoja kila wiki, cha dakika 90. Cha kwanza hufundisha kutuliza mwili kwa kupumua polepole, cha pili kushughulikia tatizo moja kwa hatua, cha tatu kurudia shughuli alizoziacha tangu huzuni ilipomwingia, cha nne kuimarisha uhusiano na watu wanaoweza kumsaidia, na cha tano kujiandaa kuendelea peke yake. Watu wote hufundishwa mbinu zilezile, awe ana sonona, wasiwasi au vyote viwili kwa pamoja, na kwa mhudumu wa jamii huo ni unafuu mkubwa, maana haombwi kumpima mtu na kumpa jina la ugonjwa, kazi ambayo si yake na ambayo angeifanya vibaya.

Ushahidi wake hautokani na maneno ya wafadhili. Mwaka 2015 wahudumu wa afya ya jamii jijini Nairobi walifunzwa kwa siku nane, kisha wakapangiwa wanawake waliokuwa na msongo mkubwa, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wanawake 421 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa PM+ na wengine wakaelekezwa kwa wauguzi katika huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Miezi mitatu baada ya vikao, waliosaidiwa kwa PM+ walikuwa na nafuu zaidi, kwa tofauti ya alama zaidi ya 3 katika kipimo chenye alama 36. Hiyo ni tofauti ya wastani, wala si muujiza, lakini imeletwa na watu ambao kabla ya hapo hawakuwa wamefunzwa lolote la afya ya akili. Mwaka uliotangulia, 2016, jaribio kama hilo lenye washiriki 346 huko Peshawar, Pakistani, lilikuwa limetoa picha inayofanana. Ninachosikitikia katika jaribio la Nairobi ni kwamba lilipima kwa miezi mitatu tu na lilihusisha wanawake peke yao. Yale yanayompata mwanamke huyo mwaka unaofuata, kodi ya nyumba inapopanda tena na mume aliyempiga angali chini ya paa lilelile, hayamo katika takwimu hizo.

Sasa niingie darasani. Kabla ya mbinu zenyewe, mafunzo hutumia muda mrefu katika stadi za msingi za kusaidia: kulinda usiri, kuonyesha kujali, kutohukumu, kuweka kando maadili yako binafsi unapomsikiliza mwenye maadili tofauti, na kujizuia kutoa ushauri. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashinda wengi, na ndiyo iliyonifunza mengi zaidi kuhusu ubora wa mafunzo haya.

Katika igizo mojawapo, mama mmoja wa makamo, mhudumu wa siku nyingi anayeheshimiwa sana kijijini kwake, alipangiwa kuwa msaidizi, na msichana mdogo kuliko wote darasani akaigiza mke ambaye mumewe anamaliza mshahara kwenye pombe. Msichana hakuwa amefikisha sentensi tatu, mama akamwekea mkono begani na kumwambia, "Mwanangu, vumilia. Sisi wenzako tulipitia hayo, na leo tuna wajukuu." Mkufunzi alisimamisha igizo na kumuuliza msichana anajisikiaje. Akajibu, "Naona nifunge mdomo, maana ameshanimalizia." Kimya kilichofuata kilikuwa cha mafundisho. Walirudia, na safari hii mama alisema tu, "Umesema unalala bila kula ili watoto washibe. Pole, mwanangu. Hebu nieleze jioni zako zinakuwaje." Msichana alizungumza mpaka muda ukaisha.

Mkufunzi huyo alifanya jambo la busara ambalo haliko katika maandishi ya mwongozo. Hakumwambia yule mama kwamba ushauri wa wazee ni ujinga. Alimwambia kwamba nafasi ya kushauri anayo, kama shangazi, kama jirani, kama mzee wa kanisa, na hakuna anayemnyang'anya, lakini kwa dakika hizi 90 amevaa kofia nyingine. Nimewaona pia wakufunzi wasiolijua hilo, wanaowasahihisha wazee mbele ya vijana kwa sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, na wazee hao hukaa kimya siku zote zilizobaki. Katika jamii ambayo mtu hupata heshima kwa kuwashauri wadogo zake, kumfunza mzee asishauri ni kazi ya kumwomba aweke heshima yake pembeni kwa muda, na anayeomba lazima aombe kwa adabu.

Zoezi la kupumua lilianza kwa vicheko. Unaambiwa ujione kama una puto tumboni, uvute pumzi ukihesabu hadi tatu ulijaze, kisha uitoe ukihesabu hadi tatu, na mkufunzi anagonga meza kwa kalamu ili wote mwende pamoja. Baadhi ya akina mama, Waislamu kwa Wakristo, walitaka kujua kwanza kama zoezi hili lina asili ya ibada ya dini nyingine. Hilo ni swali la haki na lilistahili jibu la moja kwa moja, nao walilipata: ni namna ya kuupunguzia moyo mbio na kuulegeza mwili, na mtu anaweza kulifanya kabla ya sala, baada ya sala au bila sala. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakilifanya wenyewe wakati wa mapumziko ya chai. Nashauri kila mkufunzi wa pwani ajiandae kwa swali hili na asilisubiri limshtukize.

Sehemu ya kushughulikia matatizo ndiyo moyo wa PM+ na ndiyo inayotoa jina lake. Msaidizi na mwenye shida huorodhesha matatizo, wakatenganisha yale ambayo mtu ana uwezo juu yake na yale asiyo na uwezo juu yake, wakachagua moja, wakalieleza kwa ufinyu, wakafikiria njia nyingi bila kuzihukumu, wakachagua, wakapanga hatua za wiki hiyo, na kikao kinachofuata wakaangalia yaliyotokea. Kwa maelezo hayo inaonekana rahisi. Lakini mketishe mtu ambaye shamba lake lote limechukuliwa na mafuriko umwambie atenganishe yanayotatulika na yasiyotatulika, utaona karibu kila kitu kinaangukia upande wa pili. Hapo mafunzo yanahitaji mifano ya mahali petu, na mifano hiyo lazima mkufunzi aje nayo mwenyewe. Kilichofaa kwa wahudumu wetu ni kulikata tatizo mpaka libaki la kiasi cha wiki moja. Mafuriko hayatatuliki, lakini kwenda kwa chifu kuhakikisha jina limo katika orodha ya msaada kunawezekana Jumanne, na kumwomba mweka hazina wa chama, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, asogeze zamu kunawezekana Alhamisi.

Chama ndicho kilichofanya kikao cha nne kiwe chepesi kuliko vyote. Katika nchi nyingine huenda msaidizi akalazimika kumtafutia mtu wa kumwegemea, lakini hapa tuna vyama vya akina mama, jumuiya ndogondogo, vikundi vya maulidi, majirani wanaobisha hodi bila sababu. Mwenye sonona huacha kuhudhuria, hulipa faini za kutohudhuria, kisha huona haya kurudi, na haya hiyo humfungia ndani zaidi. Wahudumu waliielewa hali hii papo hapo kwa sababu wanaiona kila mwezi, na walipofundishwa kwamba kumsindikiza mtu arudi kwenye kikao kimoja cha chama ni hatua halali ya tiba, na kwamba hawatakuwa wakimwingilia, niliona nyuso zikichangamka.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa ya swali la kujiua. Mwongozo unataka kila anayefanyiwa uchunguzi wa awali aulizwe waziwazi kama katika mwezi uliopita amekuwa na mawazo mazito au mpango wa kuyakatisha maisha yake, na kama jibu linaonyesha hatari, msaidizi asimwache peke yake na ampigie msimamizi mara moja. Wahudumu waliogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na mkufunzi alilieleza vizuri. Hofu nyingine ilihusu sheria, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mhudumu aliyeambiwa siri hiyo alijiona kama shahidi wa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Mafunzo yoyote yanayotolewa Kenya leo bila kulieleza hilo kwa lugha nyepesi yana upungufu mkubwa, kwa kuwa mhudumu anayeamini kwamba jibu la ndiyo litampeleka jirani yake kituoni atauliza swali kwa namna ya kulikwepa jibu.

Upo upungufu mwingine. Fomu ni nyingi. Kuna ya kupima hali ya hisia, ya kupima jinsi mtu anavyomudu shughuli zake, na nyingine ambayo mwenye shida hutaja matatizo yake mwenyewe na kuyapa alama kila kikao. Hiyo ya mwisho ni nzuri mno, kwa sababu humpa mtu nafasi ya kusema linalomuuma kwa maneno yake, na akiona alama zake zikishuka kutoka kikao hadi kikao hutiwa moyo. Lakini mhudumu aliyeishia darasa la nane anayeweza kumsikiliza mtu kwa utulivu wa ajabu hupoteza utulivu huo wote akianza kujumlisha alama, na niliwaona wawili waliokuwa bora katika maigizo wakitaka kujitoa kwa sababu ya karatasi. Vilevile, Kiswahili cha darasani si lugha ya nyumbani kwa kila mtu. Bara ya kaunti zetu za pwani, mtu hueleza uchungu wake kwa Kigiriama au Kiduruma, na wahudumu waliachiwa kutafsiri maswali kila mmoja kivyake. Nusu siku ya kukubaliana pamoja namna ya kuuliza ingeondoa tatizo hili, na haigharimu chochote.

Usiri kijijini ni jambo ambalo waandishi wa mwongozo walilifikiria, ingawa darasa halikulipa uzito unaostahili. Mhudumu ni jirani. Ni shemeji wa mtu, ni mteja wa duka la mtu, watoto wake wanasoma na watoto wa mwenye shida. Faida yake ni kwamba anaingia nyumba zote kwa mambo ya chanjo, vyandarua na wajawazito, kwa hiyo akionekana akiingia hakuna anayejua ameendea nini, na aibu ya kuonekana kwenye mlango wa kliniki ya akili haipo. Hasara yake ni dakika 90. Hakuna ziara ya chandarua inayochukua dakika 90, na katika nyumba ya chumba kimoja watoto wanaingia na kutoka, mama mkwe ameketi mlangoni akichambua mboga. Waliofanikiwa walitafuta mahali pengine, chumba cha zahanati alasiri wagonjwa wakiisha, darasa la shule ya awali, kivuli cha mwembe ulio mbali kidogo na njia. Mwenye kuandaa mafunzo aende na wahudumu kuyakagua maeneo hayo kabla ya kikao cha kwanza.

Wanaume ni pengo ambalo sikuona likizibwa. Wahudumu wengi ni wanawake, wanatembelea nyumba mchana, na mchana wanaume wako baharini, kwenye vituo vya bodaboda au kwenye machimbo ya mawe. Kumleta mwanamume azungumze na mama jirani kwa saa moja na nusu juu ya hofu zake kunahitaji mpango wake maalumu, ikiwa ni pamoja na kuwafunza wahudumu wanaume na kuwapangia jioni. Tukizungumza juu ya kupunguza tofauti katika upatikanaji wa huduma, hatuwezi kuridhika na mpango unaowafikia wanawake maskini, jambo ambalo ni jema sana, huku ukiwaacha kaka zao na waume zao vilevile walivyokuwa.

Nimefika kwenye usimamizi, ambao ndio sababu ya kuandika tathmini hii. Mwongozo uko wazi: baada ya darasa, msaidizi huanza na watu wachache wa mazoezi chini ya uangalizi wa karibu, kisha huhudhuria usimamizi wa kikundi kila wiki, unaoongozwa na mtu mwenye taaluma ya afya ya akili aliyefunzwa PM+ mwenyewe. Katika vikao hivyo, vilivyofanyika kwetu kwenye benchi za nje ya zahanati, ndipo nilipoona watu wakigeuka kuwa wasaidizi kweli. Mhudumu mmoja alieleza kwamba kila akienda kwa mama fulani hubeba pakiti ya unga aliyoinunua kwa fedha zake, kwa sababu hawezi kumfundisha mtu kupumua huku jiko lake limezimika tangu jana. Msimamizi hakumkemea. Alimuuliza itakuwaje kikao cha tano kikiisha, na kama yule mama ana nafasi ya kusema hajafanya zoezi la wiki kwa mtu anayemletea unga. Walizungumza kwa muda mrefu, wengine wakichangia, na wakaamua kwamba habari ya chakula ipelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii na kwa chama, na ibaki nje ya kikao. Hakuna slaidi inayoweza kufundisha hilo siku ya pili ya mafunzo, kwa kuwa siku ya pili hakuna aliyekwisha kutana na jiko lililozimika.

Usimamizi huo ulikatika. Shirika lililogharamia mafunzo lilikuwa limeuandika katika mpango wake kwa muda wa mradi tu, na mradi ulipofungwa nauli ya msimamizi kutoka mjini ilikoma. Sikuona mtu akiacha kazi kwa hasira, maana wahudumu hawa ni wavumilivu kupita kiasi. Nilichokiona ni kusinyaa polepole. Vikao vitano vikawa vitatu, kisha viwili. Sehemu ya kushughulikia matatizo, ambayo ni ngumu na huchosha, ikaachwa, na kilichobaki ni zoezi la kupumua na maneno ya faraja, na hatimaye, kwa baadhi yao, ushauri ukarudi kama ulivyokuwa. Wahudumu haohao, wenye vyeti vilevile ukutani, walikuwa sasa wanatoa huduma nyingine kabisa. Mtu akija kuwapima leo na kukuta hawaleti nafuu, atasema PM+ haifai pwani, na atakuwa amepima kitu ambacho si PM+.

Posho nayo haiwezi kuachwa nje. Mhudumu amepangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, kwa kazi zote za mkoba wake. Kuwa na watu watatu wa PM+ kwa wakati mmoja ni zaidi ya saa nne za kusikiliza uchungu kila wiki, pamoja na safari, fomu na kikao cha usimamizi. Kumwongezea mtu kazi nzito hivyo bila kumwongezea chochote, kisha kushangaa anapopunguza vikao, ni kutomtendea haki.

Ikilinganishwa na mafunzo mengine, PM+ ina ushindani wa kweli kutoka kwa Friendship Bench ya Zimbabwe, iliyoanzishwa Harare na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambamo wahudumu, wengi wao wakiwa bibi wa rika la kuheshimiwa, huketi na watu kwenye benchi katika viwanja vya kliniki. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2016 lilikuwa na washiriki 573 na matokeo yake yalipimwa baada ya miezi sita. Mahali ambapo kliniki iko karibu na watu wanafika wenyewe, ningeifikiria kwanza, kwa sababu msaidizi hapotezi muda njiani na msimamizi huwakuta wote mahali pamoja. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika na wahudumu tayari wanazizungukia, PM+ inafaa zaidi. Kuhusu mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili katika vituo vya kawaida vya afya, uliotoka mwaka 2010 na kuhaririwa upya 2016, huo si mbadala. Kimsingi ni wa maafisa wa kliniki na wauguzi, na unahitajika ili mhudumu anapotoa rufaa kuwe na mtu zahanati anayejua la kufanya. Kuwafunza wahudumu bila kumfunza hata muuguzi mmoja wa zahanati yao kunamaanisha kwamba mgonjwa wa kwanza mwenye hali mbaya atarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu, na mhudumu aliyempeleka hatathubutu kupeleka wa pili.

Kwa anayefikiria kuyalipia mafunzo haya, mwongozo wenyewe unapatikana bure na hauruhusiwi kutumiwa kibiashara, kwa hiyo fedha zenu zote zinapaswa kwenda kwa watu. Kabla ya kutia saini mkataba, ulizeni nani hasa atakayesimamia baada ya darasa, kama amewahi kuwahudumia watu kwa PM+ yeye mwenyewe, na nauli yake imeandikwa wapi katika bajeti. Ulizeni pia muuguzi yupi wa zahanati atapokea rufaa. Mkiwa na fedha za kuwafunza wahudumu 40 kwa siku nane bila lolote baada ya hapo, wafunzeni 10, na fedha zinazobaki zimlipe msimamizi na zitoe posho ya ziada ya wahudumu kwa mwaka mzima. Wale 30 waliobaki watafunzwa mwaka unaofuata, na baadhi ya wakufunzi wao watatoka miongoni mwa hao 10.